Nyimbo Tatu za Kwanza, Bila Flashi

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, umri ambao katika nchi hii mwanasiasa bado huitwa kijana. Sikuagwa kwa hafla, wala hakuna aliyenipa saa ya ukutani. Sikio langu la kushoto lilianza kupiga filimbi lenyewe, goti la kulia likakataa kuchuchumaa, nami nikaelewa kwamba mpigapicha wa matamasha asiyeweza kuchuchumaa ni kama mwashi asiyeweza kuinama: hubakia kuwaelekeza wengine. Hiyo ndiyo kazi ninayoianza leo. Kwa hiyo nyinyi mnaoniandikia kila wiki mkiuliza, "Madam, ninunue kamera gani ndio nitoboe?", ketini. Jibu la swali lenu ni kwamba kamera yoyote itatosha kuharibu picha nzuri. Mimi nimeziharibu kwa kamera za kila bei.

Kwanza tuelewane kuhusu kiangazi. Waandalizi wa matamasha ya Nairobi wana tamasha wanaloliita la kiangazi, na hulifanya mwezi wa Julai. Mtu yeyote aliyemaliza darasa la sita anajua kwamba Julai ni mwezi ambao hata mbuzi wa kwetu Waithaka hutamani sweta. Wingu hushuka asubuhi likaketi juu ya mabati hadi jioni, kama mgeni asiyejua kuaga. Hilo halijawahi kuwazuia waandalizi. Bango huchorwa minazi. Tiketi hununuliwa na wasichana waliovaa kaptura na miwani ya jua, nami nimewapiga picha wakitetemeka kwa maelfu. Katika picha hizo wanaonekana wakitabasamu. Hawakuwa wakitabasamu, ni meno yaliyokuwa yakigongana. Lakini pichani huwezi kutofautisha, na ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya kazi hii.

Nilisomea falsafa katika chuo kikuu, kwa hiyo nilikuwa nimeandaliwa vyema kukosa ajira. Aliyeniokoa ni Bwana Njoroge, aliyekuwa na studio ndogo hatua chache kutoka Adams Arcade. Mchana alipiga picha za pasipoti, na Jumapili alipiga bendi. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, na hakuamini shahada yangu hata kidogo. Aliniita "msomi", kwa sauti ile ambayo wengine hulitamkia neno "mgonjwa".

Kazi yangu ya kwanza ya muziki aliniachia yeye. Ilikuwa Jumapili alasiri, katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji, na bendi ilikuwa ya benga kutoka Ukambani. Nilikuwa na filamu mbili tu, za picha thelathini na sita kila moja. Bendi ilipoanza, mwimbaji akaja mbele: Bwana Mbithi, mtu mpana, suti nyeupe, kitambaa mkononi. Akasalimu watu. Akaimba habari za mpenzi aliyemwacha. Akawataja marafiki zake kwa majina, mmoja mmoja, na vijiji vyao, na magari yao. Mimi nikapiga, nikapiga, nikabadilisha filamu, nikapiga tena. Nilijiona fundi.

Halafu Mbithi akanyamaza, na gitaa likaanza kupanda.

Kama hamjawahi kusikia benga ikipigwa na watu walio hai, sitawaeleza. Ni kama kumweleza samaki habari za vumbi. Niseme tu kwamba ukumbi mzima ulisimama. Akina mama walivua viatu. Mhudumu aliweka trei sakafuni akacheza kando yake. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya hayo yote nikiwa na kamera isiyo na filamu. Nilifanya alilofanya kila mwoga wa taaluma hii kabla yangu: niliendelea kubonyeza, uso umejaa imani.

Mpiga gitaa aliniona. Alikuwa nyuma ya Mbithi, mtu mwembamba aliyesimama wima kama nguzo ya stima, hakuna kilichosogea mwilini mwake isipokuwa vidole. Wimbo ulipoisha aliinama ukingoni mwa jukwaa.

"Msichana, hiyo kamera imeshiba?"

"Imeshiba, mzee."

"Nimeiona. Imeshibia salamu."

Huyo ndiye Mzee Nzioka. Kesho yake Bwana Njoroge alizimwaga picha zangu mezani, akazitazama kwa muda mrefu kuliko zilivyostahili. "Wewe msomi," akasema, "umepiga watu wakiingia kanisani. Harusi ilipoanza ukarudi nyumbani." Kisha akanieleza, kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake tena, kwamba wimbo wa benga ni nyumba ya vyumba viwili. Kuna sebule, ambamo mwimbaji hukaribisha wageni na kulia shida zake. Na kuna jikoni, ambamo gitaa hupika. Mgeni huketi sebuleni. Picha iko jikoni.

Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka ishirini, kila nilipokutana na Nzioka alinisalimu kwa maneno yaleyale: "Shiru, bado hujanipata." Na kweli sikuwa nimempata, wala hakuna mwingine aliyekuwa amempata. Mbithi alikuwa na kipaji cha pekee cha kujua lenzi iko wapi. Ukienda kushoto, anakuja kushoto. Ukichuchumaa, anainama. "Nyumbani nina picha kumi na moja," Nzioka aliniambia siku moja. "Zote ni za kiwiko cha Mbithi. Wajukuu wangu wanakijua kuliko wanavyonijua mimi."

Mnataka mambo ya kiufundi, najua. Haya. Mwimbaji akiwa anaimba, maikrofoni huwa imemeza uso wake. Subiri aondoe mdomo kuvuta pumzi, hapo ndipo uso hurudi kwa mwenyewe. Mpiga ngoma atakuonyesha kilele kabla hakijafika, kwa sababu bega lake hupanda kwanza. Usiiamini kamera inapokwambia mwanga unatosha: imetengenezwa na watu ambao hawakutufikiria, na ikimwona mtu mweusi mbele ya moshi mweupe inachagua kuupendeza moshi. Beba mfuko wa mkate, ule mtupu. Mvua ikija uivishe kamera, mkate ukiwa umeshaula, maana hakuna mwandalizi atakayekulisha. Ziba masikio. Mimi nilidhani kuziba masikio ni dharau kwa muziki, na sasa muziki unanidharau usiku kucha katika sikio moja. Na ukisukumwa na mtu mwenye wafuasi wengi mitandaoni, aliyeingia mbele ya jukwaa kujipiga picha yeye mwenyewe akiwa amelipa jukwaa mgongo, usigombane naye. Msogelee, umpige picha vizuri, umpe. Atakuwa mwajiri wako kabla ya mwaka kuisha.

Mnauliza pia kama kuna raha. Ipo, nami sitaifanyia mzaha, japo naweza. Kuna nukta ambapo watu elfu tano huvuta pumzi pamoja kabla ya kiitikio. Huisikii, unaihisi mgongoni, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee uwanjani aliyewapa watu mgongo na muziki uso, kwa umbali wa mikono miwili. Katika nukta hiyo nimewahi kusahau kubonyeza. Sikujuta. Miaka minne ya falsafa haikunipa hata dakika moja kama hiyo, ingawa ilinipa maneno mengi ya kuielezea.

Sasa niwaambie habari za Julai ya mwisho.

Tamasha lilikuwa kwenye uwanja mmoja wa magharibi mwa jiji, mbele kidogo ya Kangemi. Mdhamini alikuwa mwuza maji ya matunda, na mkataba wangu ulisema waziwazi ninachotakiwa kuleta: umati wenye furaha, chupa mkononi, na picha za skrini kubwa kando ya jukwaa ambayo tangazo la mdhamini lilipita kila baada ya dakika chache. Wanamuziki hawakutajwa mkatabani. Nadhani walichukuliwa kama hali ya hewa.

Bendi ya Mbithi ilipangiwa saa tisa alasiri. Wazee hupangiwa saa tisa siku zote, wakati umati bado uko nyumbani ukichagua miwani. Nilimkuta Nzioka nyuma ya jukwaa, ameketi juu ya kreti, mkono wa kushoto ameutumbukiza katika ndoo ndogo ya maji ya moto.

"Unaoga kwa zamu, mzee?"

Hakucheka. Akautoa mkono, akajaribu kuukunja. Vidole viwili vilikuja. Viwili vilibaki vikitazama mbele. "Asubuhi haukunjiki kabisa," akasema. "Daktari anasema hakuna cha kufanya. Nimewaambia wenzangu leo ndiyo mwisho. Mkono unaenda pensheni kabla ya mwenyewe." Kisha akanitazama. "Shiru, leo unipate. Nikipiga. Si nikiwa nimeshika gitaa kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Nataka hawa wajukuu waone mkono ukifanya kazi."

"Nitakupata, mzee." Nilisema hivyo nikiwa na kamera mbili, betri sita na uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini. Mtu anaweza kuahidi mambo mengi akiwa amevaa vifaa vya namna hiyo.

Meneja wa jukwaa alikuwa msichana aitwaye Tasha, umri wa miaka ishirini na sita hivi, vipokea sauti masikioni, ubao wa karatasi kifuani. Alitukusanya wapigapicha wanane kwenye kichochoro kilichopo kati ya jukwaa na uzio.

"Nyimbo tatu za kwanza, bila flashi, halafu mnatoka wote. Tumeelewana?"

Kanuni hiyo haikuanzia hapa. Ilitoka ng'ambo, ambako mwanamuziki hataki kuonekana poda ikishayeyuka, na wimbo wake ni wa dakika tatu. Nikainua mkono, kama mwanafunzi.

"Tasha, nyimbo tatu za hawa wazee ni karibu saa nzima."

"Madam, ni sheria ya kimataifa."

Nikashusha mkono. Kwa kweli nilifurahi. Saa nzima ilikuwa zaidi ya nilivyohitaji. Ningekaa sebuleni na wageni, nimsubiri Nzioka aingie jikoni. Nilijipanga upande wa kulia, goti likilalamika, nikaacha wenzangu wajaze kadi za kamera zao kwenye suti nyeupe ya Mbithi.

Mbithi akasalimu watu: watu arobaini hivi, na walinzi. Akaimba ubeti wa kwanza. Bendi ikakatika ghafla, kama ilivyo desturi, Mbithi akaguta jina la rafiki yake wa Kangundo, bendi ikarudi. Ubeti wa pili. Ikakatika tena, akataja mwingine, wa Tala, na lori lake. Halafu akanyamaza, na gitaa la Nzioka likapanda ngazi ya kwanza. Nikainua kamera. Ndipo nikaguswa bega.

"Huo ni wimbo wa tatu," Tasha akasema. "Mnatoka."

"Huu ndio wa kwanza! Haujafika hata nusu."

"Wamesimama mara mbili, Madam. Nimehesabu."

"Walikuwa wanapumua."

"Basi wamepumua mara mbili. Tokeni, tafadhali."

Niliwatazama wenzangu saba. Sita walikuwa wameshafunga mikoba. Hawakujua kwamba kuna chumba cha pili katika ile nyumba. Wa saba aliniambia kwa huruma, "Twende tu, auntie, hawa wazee hawana hata wafuasi." Mngetaka kusikia kwamba nilikataa, kwamba nilimpita Tasha na kupanda jukwaani. Mimi pia ningetaka kuwaambia hivyo. Nilitoka. Nilikuwa na mkataba wa siku mbili, na heshima yangu ilikuwa na bei yake, nayo haikuwa kubwa. Nilitoka nikiwa nyuma ya kijana wa wafuasi, nikaenda kufanya nilichoajiriwa kufanya: kupiga picha ya skrini.

Skrini hizo, kama hamjui, hazijatulia kama mnavyoziona, zinapepesa. Ukizipiga haraka zinatokea na mistari myeusi kama shati la mfungwa. Dawa yake ni kuipunguza kasi ya kamera, ikodoe jicho kwa muda mrefu kidogo. Nikaipunguza. Nikaipiga chupa ya mdhamini, ikatulia, safi, hata matone yake yanahesabika.

Gitaa likapanda ngazi ya pili. Niligeuka.

Mbithi alikuwa ameona kwamba kichochoro ni kitupu. Hakuna lenzi hata moja. Mtu huyo, aliyesimama mbele ya Nzioka kwa miaka yote hiyo, alitazama kushoto, akatazama kulia, akapoteza hamu. Akajifuta jasho, akaenda zake pembeni kutafuta chupa ya maji. Na pale katikati ya jukwaa, katika mwanga wa kijivu wa Julai, akabaki Nzioka peke yake, wima kama nguzo, vidole vikikimbia.

Nikakimbilia uzio. Mlinzi mmoja, mtu wa makamo, akaja.

"Madam, kamera kubwa haziruhusiwi hapa."

"Napiga skrini."

"Skrini iko kule."

"Najua."

Akanitazama, akalitazama jukwaa. Mabega yake yalikuwa yameshaanza kucheza bila ruhusa ya mwajiri. Alisema kitu kwa Kikamba ambacho sikukielewa, kisha akanipa mgongo. "Basi mimi wacha niangalie hiyo skrini," akasema.

Nilibonyeza mara sita. Mara ya saba gitaa lilijikwaa. Nilimwona Nzioka akiinua mkono kutoka kwenye nyuzi na kuutikisa, kama anayemwamsha mtu. Gitaa la pili likaziba pengo, Mbithi akarudi mbele mbio, chupa mkononi, na kiwiko kikakaa mahali pake. Nzioka hakupiga tena ile sehemu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Aliposhuka aliuliza neno moja tu. "Ulinipata?"

"Nilikupata, mzee."

Nilisema kabla ya kutazama. Nilipotazama, nikiwa nimekaa kwenye kreti lake, nilielewa nilichokuwa nimefanya. Kasi ya kamera nilikuwa nimeiacha palepale ilipokuwa ya skrini. Uso wake ulikuwa umetulia, kila mkunjo mahali pake, maana mtu yule hakuwahi kutikisika. Gitaa lilikuwa safi. Mkono haukuwepo. Palipopaswa kuwa na mkono palikuwa na moshi. Picha zote sita. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi kosa hilo; linahitaji mtu mwenye uzoefu wa kutosha kuacha kufikiri.

Waandalizi waliziona kazi zangu wakachagua moja kwa ukurasa wao: ile chupa kwenye skrini. Walisema ni kali sana. Ilikuwa kali kweli.

Kwa wiki tatu nilikwepa simu ya Nzioka. Mwishowe nikachapisha picha mbili, nikateremka Kangemi, kwenye chumba anachokaa na binti yake Mwende nyuma ya soko. Juu niliweka picha niliyompiga wakati wa salamu, Mbithi akiwa amefuata lenzi za wenzangu: kali, nadhifu, vidole vinne vimelala juu ya nyuzi, kila ukucha unaonekana. Chini nikaiweka ile ya moshi, na sababu sikuijua mwenyewe. Labda nilitaka kukamatwa.

Aliivaa miwani. Akaitazama ile ya juu.

"Huyu anangoja basi," akasema.

"Ni wewe, mzee. Tazama mkono ulivyotulia."

"Mkono uliotulia ninao." Akauinua wa kushoto, ule wa vidole viwili, akaushikilia mbele ya uso wangu hadi nikatazama kando. "Huu hapa. Sihitaji picha yake." Kisha akaigeuza ya juu, akaiona ya pili.

Nilianza kueleza. Nilieleza habari za skrini, za kasi, za Tasha na hesabu yake. Nilitumia maneno mengi ya kiufundi, kama daktari anayekaribia kusema kwamba mgonjwa amefariki. Hakusikiliza hata moja. Alikuwa ameisogeza picha karibu na dirisha, na kidole gumba chake kilikuwa kikifuata ule moshi kutoka shingo ya gitaa kwenda chini.

"Mwende," akaita. "Mwende, njoo uone. Unakwenda. Unaona unavyokwenda?"

Mwende akaja, mikono ina unga, akatazama. "Ni wewe kabisa, baba."

Akaniomba niibandike ukutani, kwa sababu kidole chake hakikuweza kusukuma pini. Nikaibandika kando ya kalenda, chini ya kiwiko namba kumi na moja. Alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama yote, ukingo hadi ukingo, kama anayetafuta kitu kilichozoeleka na kukosekana.

"Na Mbithi? Alikuwa wapi?"

"Alienda kunywa maji, mzee."

"Mungu amzidishie kiu," akasema Nzioka.